Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya ukumbi wa kale wa mji wa bandari

Mwalimu wa Historia,
Shule ya sekondari ya kutwa,
Dodoma.

Kwa: Mstahiki Meya, Ndugu Mkurugenzi na Waheshimiwa Madiwani wa halmashauri yenye ukumbi huo.

YAH: WANAFUNZI NA WANANCHI KUKOSA NAFASI YA KUUTEMBELEA UKUMBI WA KALE WA BARAZA LA MJI

Mstahiki Meya, Ndugu Mkurugenzi, Waheshimiwa Madiwani,

Kwa heshima zote, husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Ningependa suala hili limalizwe ofisini, na huko ndiko nilikoanzia. Niliandika kupitia kwa mkuu wangu wa shule, kama taratibu zinavyotaka, nikiomba kujua siku ambazo ukumbi hufunguliwa kwa wageni, ada yake na masharti yake. Barua ilipokelewa masjala ikagongwa muhuri. Nilipopiga simu niliambiwa faili liko mezani kwa mkubwa, na nilipopiga tena niliambiwa mkubwa amesafiri. Baada ya ziara yetu kuharibika niliandika malalamiko kwa lugha ya staha, nakala nikaipeleka ngazi ya juu. Sijajibiwa hata mstari mmoja. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma siku 30 za kumjibu mwananchi anayeomba taarifa, na siku hizo zimekwisha zamani. Kwa hiyo sasa naandika mbele za watu.

Jina la mji silitaji. Wahusika mnajijua, na sitaki mlinzi wa getini au karani wa masjala abebeshwe kosa la utaratibu ambao hakuuweka yeye. Isitoshe, walimu wenzangu wa hapa Dodoma na wa Singida waliowahi kupeleka wanafunzi mwambao wananisimulia mambo yanayofanana na haya kuhusu majengo mengine, kwa hiyo huenda barua hii ikawahusu wengi zaidi ya ninyi.

Mnaweza kuuliza mwalimu wa Dodoma ana nini na ukumbi ulioko ufukweni. Naomba mnivumilie nieleze, kwa sababu mengine yote yanasimama juu ya hili.

Siku hizi wanafunzi wa kidato cha kwanza wanasoma somo la lazima la Historia ya Tanzania na Maadili, kwa Kiswahili. Somo hilo huwezi kulifundisha Ugogo, yaani huku kwetu kwa Wagogo, ukaiacha pwani. Misafara ya pembe za ndovu iliyotoka Bagamoyo ilipumzika Mpwapwa, ikavuka nyika kavu ya Marenga Makali, ndipo ikaingia Ugogo, ambako watemi waliitoza hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa ajili ya njia na maji. Tajiri wa pwani aliyepita huko akielekea Tabora au Ujiji ilimbidi akae chini na mtemi wa Kigogo mpaka wapatane. Baadaye mambo yaligeuka. Serikali ya Wajerumani ilianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898. Reli iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Dodoma mwaka 1910. Ikaja Vita Kuu ya Kwanza, na majeshi ya pande zote mbili yakachukua nafaka, yakachukua ng'ombe, yakachukua vijana kwenda kubeba mizigo; mvua nazo zikakosekana. Ugogo ikaingia katika njaa ya Mtunya, kati ya mwaka 1917 na 1920. Watu wa huku bado wanaitaja njaa hiyo kwa jina lake.

Amri za kodi, za reli na za upagazi hazikutungwa Ugogo. Zilitungwa kwenye meza za watawala katika miji ya pwani, zikapandishwa bara pamoja na askari wa kuzitekeleza. Mwanafunzi wangu ambaye wahenga wake walilipa kodi ile kwa kuuza mbuzi ana haki katika majengo yale sawasawa na mtoto aliyezaliwa mtaa wa pili kutoka bandarini. Haki hiyo ndiyo ninayoidai.

Kuna na jambo la ufundi. Wanafunzi wangu wengi wana bibi au babu aliyewahi kuishi kwenye tembe, nyumba ya asili ya Ugogo. Wanalijua paa la bapa: nguzo, boriti, fito, kisha udongo ulioshindiliwa. Nyumba za mawe za mwambao nazo zilijengwa kwa paa la bapa. Boriti za mikoko zililazwa kutoka ukuta hadi ukuta, juu yake vikapangwa vipande vya mawe ya matumbawe, ikamwagwa chokaa, watu wakaitwanga mpaka ikashikana. Ndiyo maana vyumba vya nyumba hizo huwa virefu na vyembamba, kwa kuwa upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti. Nilitaka watoto wasimame chini ya dari hiyo kwenye vyumba vya pembeni vya ukumbi wenu, waiangalie kwa macho yao, wapime upana wa chumba kwa hatua zao, waone jinsi fundi wa pwani na fundi wa Ugogo walivyolijibu swali moja kwa vitu walivyokuwa navyo. Picha kwenye kitabu haikuoneshi uzito wa paa lile.

Sasa niyataje malalamiko yenyewe.

1. Hakuna ratiba, na ruhusa inategemea unajuana na nani.

Tulisafiri baada ya kuambiwa kwa mdomo kwamba siku yetu imekubaliwa. Wazazi walichanga. Wapo waliouza karanga, wapo waliouza zabibu mapema kabla bei haijapanda, na yupo mama aliyeuza kuku wa mayai ili mwanawe asibaki peke yake darasani. Tuliondoka na treni ya umeme alfajiri, watoto wengine wakiwa hawajawahi kuiona bahari. Tulipofika tukakuta geti limefungwa. Ukumbi ulikuwa umekodishwa kwa sherehe.

Mlinzi alikuwa muungwana, naye hakuwa na taarifa yoyote kutuhusu. Aliwaruhusu watoto wakae kwenye baraza za mawe zilizoko nje, wakatazama viti vikipitishwa, mapambo yakipitishwa, maspika yakipitishwa. Hilo tungelivumilia. Lakini mchana walifika wageni watatu, mmoja wao akapiga simu, ofisa akatoka ndani na kuwapokea, akawatembeza ukumbini huku mapambo yakiendelea kufungwa. Mwanafunzi mmoja akaniuliza kama wale wamelipa zaidi yetu. Sikuwa na cha kumjibu, kwa sababu hakuna bango popote pale linalosema nani anaingia, siku gani na kwa kiasi gani.

Silalamikii sherehe. Halmashauri inahitaji mapato, na ukumbi unaotumika hutunzwa kuliko ule unaofungiwa popo. Ninacholalamikia ni kwamba anayekodi ana tarehe iliyoandikwa kwenye kitabu, na mwanafunzi hana. Kama tarehe yetu ingeandikwa kwenye kitabu hicho hicho, karani angeona mgongano wiki kadhaa kabla, akatupigia, tukaahirisha, na fedha za wazazi zisingeteketea.

2. Ada isiyo na maandishi.

Nilitajiwa kiasi cha fedha kwenye simu, nikatajiwa kingine getini. Hakuna ankara niliyopewa, wala namba ya malipo ya serikali, ambayo leo mwananchi huipata hata anapolipia leseni ya duka dogo. Simtuhumu mtu kwa wizi. Nasema tu kwamba mkuu wa shule hawezi kuidhinisha malipo ya namna hiyo, na mwalimu akilipa hivyo ndiye atakayeulizwa na mkaguzi.

3. Jengo linaumia, na linaumizwa na mikono ya wanaolitunza.

Kwa kuwa tulibaki nje mchana kutwa, nje tulipaona vizuri. Mlango mkubwa wa nakshi, ambao mafundi wa zamani waliuchonga ua kwa ua, umepigiliwa misumari ya kubandikia matangazo. Waya wa umeme umepitishwa kwenye fremu kwa kutobolewa tundu juu ya maandishi ya nakshi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inaitaja milango ya aina hiyo waziwazi: mlango au fremu ya mbao iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940 ni kitu kinacholindwa. Hauhitaji kwanza kutangazwa na mtu ili usipigiliwe msumari.

Kuta nazo zimezibwa kwa saruji. Najua aliyefanya hivyo alikuwa na nia njema, aliona ufa akauziba. Lakini ukuta wa matumbawe na chokaa hunyonya unyevu na kuutoa, na chokaa ni laini kiasi cha kwenda pamoja na jiwe. Saruji ni ngumu na haipitishi unyevu. Maji yenye chumvi yanabaki ndani, yanatafuta pa kutokea pembeni ya kiraka, jiwe linaanza kumomonyoka, na baada ya masika chache plasta inaanguka kwa mabamba na kuondoka na uso wa ukuta. Tuliyaona mabamba hayo chini ya dirisha la upande wa bahari, na mwanafunzi mmoja akaokota kipande chenye saruji upande mmoja na matumbawe upande wa pili. Nilimwambia akirudishe pale pale, ni mali ya jengo. Mafundi wa chokaa bado wapo mwambao. Kuwatumia si anasa.

4. Ukumbi hausemi lolote kuhusu yaliyofanyika ndani yake.

Hakuna kibao nje wala maelezo. Mtu anaweza kupita hapo maisha yake yote asijue ni jengo gani. Ingetosha hata karatasi moja iliyoandikwa vizuri. Watoto walikuja na maswali yao kwenye madaftari, na moja nililipenda sana. Walikuwa wamesoma kwamba serikali za mitaa zilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, kisha zikarejeshwa mijini mwaka 1978. Wakataka kujua: katika miaka ile isiyokuwa na madiwani, nani alikaa kwenye viti hivi? Kumbukumbu za vikao ziliwekwa wapi? Ni swali zuri kuliko mengi ninayoyaona kwenye karatasi za mitihani, na jibu lake limo katika madaftari ya mihtasari ya halmashauri kama bado hayajaliwa na mchwa.

Miji ya bandari ina watu wa kusimuliwa. Dar es Salaam mwaka 1960 ilipata meya wake wa kwanza Mwafrika, Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyekuwa pia mshairi na bingwa wa sheria za ushairi wa Kiswahili. Nikimtaja darasani, watoto wanaosinzia huamka: meya na mashairi! Mji wenu nao lazima una watu wake. Watoto wa bara watawajuaje, kama hata wa pwani hawaambiwi?

5. Vikao vya baraza.

Mkutano wa baraza la madiwani kwa sheria ni wa wazi. Tuliomba, kama tarehe zingeoana, wanafunzi wakae kimya nyuma ya ukumbi kwa saa moja waone hoja inavyotolewa na kujibiwa. Nalo halikujibiwa.

Waheshimiwa, nimefanya kazi serikalini muda wa kutosha kujua majibu yatakayoletwa. Niyatangulie kwa heshima.

Mtasema hakuna bajeti. Ninayoyaomba mengi hayahitaji fungu. Ratiba ni karatasi na kalamu. Kibao ni kazi ya seremala wa siku moja. Asubuhi moja ya kila wiki isiyokodishwa haiwezi kuwa hasara kubwa, kwa kuwa sherehe nyingi hufanyika jioni na mwisho wa juma.

Mtasema ni ofisi, kuna nyaraka za siri. Fungeni ofisi. Sisi tunaomba ukumbi, ngazi, roshani na vyumba vya pembeni. Mahali panapopokea mamia ya waalikwa wa harusi, ambao hakuna anayewaandika majina, pana uwezo wa kupokea wanafunzi waliovaa sare na wenye orodha iliyosainiwa na mkuu wa shule.

Mtasema jengo ni bovu, ni hatari kwa watoto. Jibu hili ndilo linalonitia hofu. Beit al-Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa mwaka 1883 na kusimama mbele ya bahari vizazi na vizazi, ilibomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, ikiwa katika ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Tuliona wote jinsi jengo linalopendwa na dunia nzima linavyoweza kuanguka mchana kweupe. Kwa hiyo kama wahandisi wenu wameukagua ukumbi na kuona ni hatari, ufungeni leo kwa watu wote, harusi na mikutano ikiwamo, mtangaze ripoti yao, na mimi nitakuwa wa kwanza kuwashukuru na kuwaambia wazazi wasubiri. Kama hawajaukagua, waukague. Haiwezekani paa liwe hatari kwa mwanafunzi saa nne asubuhi na liwe salama kwa bwana harusi saa mbili usiku.

Na yupo atakayesema: Dodoma mna vya kwenu, nendeni huko. Tunakwenda. Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2006, tunaitembelea. Tunaanzia Kolo, tunalipa, tunapata mwongozaji anayepanda kilima pamoja nasi na kutuonesha tusimame wapi na tusiguse nini. Kama utaratibu unawezekana kwenye miamba iliyoko porini, kwenye jengo lililo katikati ya mji unawezekana. Dar es Salaam, Boma la Kale la enzi za Sultan Majid lilikarabatiwa na leo ni kituo cha urithi wa usanifu wa majengo, watu wanaingia. Mombasa, Fort Jesus iliwahi kuwa gereza chini ya Waingereza. Leo ni makumbusho na wanafunzi wanajaa humo. Hata Bunge letu hapa Dodoma, lenye ulinzi kuliko ukumbi wowote wa mji, hupokea wanafunzi wanaokaa ukumbi wa wageni na kutambulishwa na Spika.

Baada ya hayo, naomba mambo haya. Kwanza kabisa, asubuhi moja kwa wiki ukumbi uwe wazi kwa wananchi na shule, siku hiyo ibandikwe getini na kwenye mbao za matangazo za halmashauri, na maombi ya shule yaandikwe katika kitabu kile kile cha wanaokodi. Ada, kama ipo, itajwe kwa maandishi na ilipwe kwa namba ya malipo. Kwa wanafunzi wa shule za umma naomba msiitoze. Misumari na waya viondolewe kwenye mlango na mtu mwenye ujuzi wa mbao za kale, na kabla ya mvua za masika zijazo asiguse mtu ukuta kwa saruji mpaka wataalamu wa mambo ya kale washirikishwe. Mihtasari ya zamani ya vikao ihamishiwe mahali pakavu na iorodheshwe. Na mteue mtumishi mmoja tu, mwenye jina na simu ya ofisi, atakayekuwa anapokea wageni. Vijana wa mjini waliosomea utalii na historia mkiwaita watajitolea, nimeongea nao wakati tukingoja pale nje, wanaijua mitaa ile na wana hamu ya kuisimulia.

Kwa wazazi wa wanafunzi wangu siombi fidia. Naomba waandikiwe barua fupi ya kueleza nini kilitokea siku ile. Walichanga wakiamini neno la ofisi ya umma, na wanastahili kujibiwa na ofisi hiyo badala ya kujibiwa na mwalimu.

Katiba yetu, ibara ya 27, inamtaka kila mtu ailinde mali ya mamlaka ya nchi na mali inayomilikiwa kwa pamoja na wananchi. Barua hii naiandika kwa kuutimiza wajibu huo, bila chuki na ofisi yenu.

Nimepanga kuwaleta tena wanafunzi baada ya likizo ya Juni. Maombi mapya yatawafikia kwa rejista ya posta, yakiwa na tarehe tatu za kuchagua, idadi ya wanafunzi na majina ya walimu watakaoongozana nao. Naomba mchague mojawapo na kunijibu kwa maandishi, mapema kiasi cha wazazi kuweza kujipanga.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa Historia,
Dodoma.

Nakala: Mkuu wa shule, Kamati ya wazazi.